Maneno ya Mbeba Chai

Asiniambie mtu kwamba wanawake wa Kasese hawajui kutazama. Njoo saluni kwangu Bulembia Jumamosi mchana, ukae kwenye benchi ujionee. Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, atakwambia pazia la sebuleni kwa Bibi Mkubwa lilikuwa la maua juma lililopita na sasa lina mistari, atakueleza na sababu, na ukithubutu kucheka atakukazia macho mpaka uombe radhi. Ukutani mwa sebule hiyo kuna saa ambayo haijawahi kusogea. Mtu mwingine angesema ni mbovu. Kwa wateja wangu, hiyo ndiyo dakika aliyokufa babu mwenye mali, na aliyemuua anapita chini ya saa hiyo kila siku bila kuitazama.

"Muone," Mama Mchungaji alikuwa akisema, kichwa kimejaa vibanio, "hata leo hajaitazama. Muuaji ni huyo huyo."

Nazungumzia tamthilia ya Waturuki, ya familia yenye kutengeneza mazulia. Jina lake halisi hatukulijua, kwa sababu mwanzo wa kila sehemu ulikuja umekatwa. Sisi tuliiita Mazulia. Kulikuwa na Bibi Mkubwa, wanawe wawili wanaogombea urithi, na mkwe anayejua kulia bila kuharibu wanja. Kituruki hatujui hata neno. Tulielewa kwa sababu ya vijei, yaani yule mtu anayekaa na maikrofoni na kuongea juu ya picha. Anapunguza sauti za wenyewe, kisha yeye ndiye Bibi Mkubwa, yeye ndiye mkwe, yeye ndiye daktari, na mbwa akibweka, yeye pia. Kampala wanatafsiri kwa Kiganda. Wa kwetu alikuwa Bwera, karibu na mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, kile kinachovuka mto na wachuuzi wa Kongo asubuhi na kurudi nao jioni.

"Sasa muone," alikuwa akisema, "bibi anaingia. Iko na kasirani mingi. Leo mutu atalia." Na kweli, mtu alilia.

Aliyetuletea Mazulia ni mama yangu. Yeye anauza vitenge. Siku za soko anakwenda Bwera, ananunua kwa wanawake wanaovuka kutoka Kongo, anarudi na furushi kichwani, na ndani ya sidiria, mahali anapoweka vitu vyote vya thamani, flashi yenye sehemu mpya kutoka kwa vijei. Bila Mama hakuna Mazulia, na alilijua hilo, maana kwenye benchi hakuna aliyethubutu kukaa mahali pake.

Baba yangu alikuwa Mluhya wa Kenya aliyekuja kufanya kazi ya saruji, akaoa Mkonzo, akafa nikiwa bado shule ya msingi. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili. Tangu hapo Mama hajaolewa. Wanaume walikuja, sitasema hawakuja, lakini Mama aliwalisha wote vizuri na kuwasindikiza mpaka barabarani. Mimi niliolewa nikarudi, na tangu nirudi tunalala chumba kimoja, kitanda chake ukuta huu, changu ukuta ule. Ananiuliza kama nimefunga mlango, namwuliza kama amemeza dawa ya presha, tunalala. Hayo ndiyo maisha yangu na ninayapenda. Nayaeleza mapema ili mwelewe kwa nini nilikasirika vile, maana mtu wa Bwera alitaka kunichukulia mama, na alipitia kwenye televisheni yangu mwenyewe.

Sasa, huyo mbeba chai. Katika Mazulia kuna mwanamume wa makamo, ana sharubu nene, kazi yake kupita na sinia. Ofisini mabwana wakitukanana, yeye anaingia, anaweka bilauri ndogo za chai, anatoka. Mwanzoni hakuna aliyemjali. Kisha siku moja ndugu wawili walikuwa wameshikana mashati, yeye akaingia na sinia lake, na vijei akabadilisha sauti, akaifanya nzito na ya taratibu.

"Chai iko moto," mbeba chai akasema, "lakini mwenye kuinywa iko nyuma ya mulima."

Akatoka.

"Mlima upi?" akauliza Mama Mchungaji. "Mji wote huo uko baharini!"

"Rudisha nyuma," wakaniamuru. Nikarudisha. Mlima hatukuuona. Tukatafuta kwenye picha zilizotundikwa ukutani, tukatafuta kwenye kalenda, tukatafuta dirishani. Kwenye paketi ya sigara ya ndugu mkubwa kulikuwa na kitu chenye ncha, na hicho kikawa ndicho. Mpaka jioni ilikwisha kuamuliwa kwamba mbeba chai ni mtoto wa kwanza wa babu, aliyezaliwa na mwanamke wa milimani, na kiwanda chote ni chake.

Juma lililofuata akaingia tena wakati mkwe analia. "Ile mama ya kitenge ya kijani iko na macho," akasema. "Aliona kile mimi sikuona."

Mungu wangu! Ugomvi uliotokea hapo! Uturuki hakuna kitenge, kwa hiyo ilibidi kitafutwe kitu cha kijani chenye macho. Wapo waliosema ni kitambaa cha meza, kwa sababu kina mapambo ya duara. Wapo waliosema ni kasuku wa Bibi Mkubwa. Kundi la kasuku na kundi la kitambaa hawakusalimiana siku mbili, na wanaimba kwaya moja. Wakati huo wote mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anabangua karanga. Mwanamke ambaye huwa hamalizi dakika bila kubishana alikuwa kimya, amejifunga kitenge cha kijani.

Hawa ndio wanawake wanaoona pazia lililobadilishwa Uturuki! Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba Mama alikuwa ameanza kupiga pasi kilemba. Hakuna aliyeona ndala zimeachwa nyumbani na viatu vya ngozi vimetoka sandukuni. Alikuwa anakwenda Bwera hata siku isiyo ya soko, "kuangalia bei," eti, na anarudi na bei ile ile na furaha isiyo na maelezo. Mimi niliyaona hayo yote, na nikadhani ni dawa mpya ya presha.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa chekechea. Nilikuwa namsuka rasta, kazi ya nusu siku, naye kuua muda alikuwa anatazama Mazulia kwenye simu yake, kwa Kiganda, kwa sauti ya vijei wa Kampala. Nikachungulia juu ya bega lake. Ndugu wameshikana mashati. Mbeba chai akaingia, akaweka bilauri, akatoka. Hata pumzi hakutoa.

"Mwalimu, huyu hajasema kitu?"

"Nani?"

"Mbeba chai!"

"Kwani huyo anaongeaga?"

"Rudisha."

Akarudisha. Nikainama mpaka kidevu changu kikamgusa sikio. Zile sharubu zilikuwa zimefunika mdomo wote, ndiyo maana hatukuwahi kutambua, lakini ukiangalia mashavu yalikuwa yametulia tuli. Mtu yule hakuwa na hata neno moja katika tamthilia nzima. Nikamwomba mwalimu anionyeshe na ile sehemu ya mkwe kulia. Akaingia, akaweka, akatoka. Basi nikakaa chini kwenye kiti cha wateja, kitana mkononi, na mambo yote yakaanza kujipanga yenyewe, kuanzia kilemba, viatu, mpaka mwenye kuinywa chai nyuma ya mlima. Sisi ndio tulio nyuma ya mlima ukiwa Bwera.

Nilimkuta Mama nyumbani anachambua sombe, yale majani ya muhogo.

"Mama, yule mbeba chai hasemi kitu."

"Najua."

"Unajua?"

"Si mimi niliyesema apewe maneno?" Akacheka, mikono majini. "Nilimwambia vijei, mtu anaingia watu wanapigana, anatoka bila hata kusema poleni? Alilelewa na nani huyo? Mpe maneno. Akasema, mama, huyo hapana mutu, ni wa kupita tu. Nikamwambia, hata wa kupita ana kinywa."

"Na kitenge cha kijani?"

Akageukia beseni. "Vitenge vya kijani viko vingi," akasema, na shingo yake ikaiva kwa aibu kama msichana. Mama yangu! Sikuwahi kumwona hivyo, na niliogopa kabisa.

Nikangoja siku ambayo Mama alikuwa na kazi kanisani, nikafunga saluni, nikapanda gari la Bwera. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Gari liliposimama Kikorongo kuchukua abiria, wauza samaki wakaja dirishani, na nadhani niliwajibu kwa maneno niliyokuwa nimemwekea mtu mwingine, maana mmoja alirudi nyuma akajishika kifua.

Chumba cha vijei kilikuwa nyuma ya duka la simu, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili kelele za barabarani zisiingie. Nilitegemea kukuta dume. Sauti ile ya Bibi Mkubwa, ya daktari, ya mbwa! Nikakuta mtu mwembamba, miaka hamsini na kitu, amevaa miwani, na sweta katika joto lile, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Wewe ndiye unayemsemesha mama yangu kwa mdomo wa Mturuki?" nikamwuliza.

Akasimama. Akanisogezea kiti chake, na chumba kizima kilikuwa na kiti hicho kimoja. Akafungua mdomo, akaufunga. "Ndi… ndiyo," akasema.

"Dada, usijisumbue," mwenye duka akasema kutoka mlangoni. "Huyu bila maikrofoni iko bubu kabisa. Tangu mke yake afariki, ndio hivyo."

Mimi sikujali. Nilimmiminia yote. Nilimwambia kwamba mama yangu ana nyumba, ana presha, ana mtoto, si msichana wa kukonyezwa kwa sinia. Nilimwambia mwanaume mwenye haja anaingia kwa mlango, hapiti nyuma ya ugomvi wa watu na bilauri za chai. Nilisema mpaka koo likakauka, naye amesimama ameshika mikono, anaitikia kwa kichwa kila ninapovuta pumzi. Nilipomaliza aliniuliza neno moja tu.

"Umekula?"

Nilikuwa nimekwenda kupigana! Nikarudi Kasese nina njaa na hasira yangu yote, haijapungua hata kidogo.

Jumamosi Mama akatoa flashi mahali pake, tukachomeka. Nilikuwa namsuka Mama Mchungaji. Bibi Mkubwa akapiga meza, ndugu wakanyoosheana vidole, mbeba chai akaingia.

"Mutoto wa ile mama alikuja kwangu," akasema. "Alikuja na kasirani. Iko na haki. Mimi kama ningekuwa na mama kama ule, ningefunga mulango na kulala mbele yake."

"Mtoto gani?" Mama Mchungaji akaruka na nusu ya kichwa haijasukwa. "Mama gani? Kumbe kuna mtoto!"

"Nilisema! Nilisema mimi!" mwingine akapiga kelele benchini.

Nilivuta nywele za mke wa mchungaji kwa nguvu ambayo sitaieleza. "Wee, unaning'oa!" akalia, lakini hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye tivi. Nikainua macho kwenye kioo, nikakutana na ya Mama. Akasema kwa midomo tu, bila sauti: ulienda Bwera. Nami nikamjibu kwa midomo: ndiyo. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanamtafuta mtoto miongoni mwa wafanyakazi wa ndani, na tayari walikuwa wamempata mmoja mwenye alama shingoni.

Hapo ndipo nilipoona nafasi yangu. Kama huyu bwana anaongea kwenye tivi, mimi naongea saluni, na saluni ni yangu.

"Mimi huyo mbeba chai simwamini," nikasema. "Mtazameni viatu. Mbeba chai gani ana viatu vinavyong'aa namna hiyo?"

Wakarudisha nyuma. He! Viatu viling'aa kweli.

"Na mbona haweki bilauri mbele ya Bibi Mkubwa mpaka wengine wameshainua zao?" nikaongeza. Hilo nililitunga papo hapo, lakini walipotazama wakaliona, na wakaliona katika kila sehemu. Baada ya juma moja nusu ya benchi ilikuwa na hakika kwamba chai ina sumu. Baada ya mawili, mbeba chai alikuwa na wake watatu, jela moja nyuma yake, na jicho la kioo. Sijutii hata kidogo. Nilikuwa sijawahi kufurahia kazi yangu vile.

Mama alimtetea kwa nguvu zote. "Viatu vyake ni safi kwa sababu anavipangusa!" alikuwa akisema, karanga zinaruka. "Ninyi mnataka mtu awe mchafu ndiyo mjue hana hatia?"

"Kwani ni ndugu yako, Mama?" nilikuwa nikimwuliza kwa upole.

"Ni kiumbe wa Mungu!"

Na wale wengine wakitutazama mama na binti tunavyogombana juu ya Mturuki, wakasema kweli Mazulia inaingia watu moyoni.

Kisha ikaja ile sehemu iliyokaribia mwisho. Ofisi ilikuwa tupu, ndugu wamekwenda mahakamani. Mbeba chai aliingia peke yake, akakusanya bilauri zilizobaki, na vijei akamsemesha polepole kuliko siku zote.

"Picha hii inaisha," akasema. "Kama ikiisha, mimi nikikuja, mulango itafunguliwa?"

Wanawake wakaanza kuhesabu milango ya kiwanda. Mimi sikutazama tivi. Nilimtazama Mama, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo, karanga moja kati ya vidole, na hakuibangua mpaka sehemu ilipokwisha.

Nyumbani nikamwuliza waziwazi. "Utamjibu nini?"

"Sehemu ya mwisho bado," akasema. "Nitasikia kwanza atasema nini. Mtu akiuliza mara moja anaweza kuwa anatania."

"Na mimi?"

Alisema sombe inaungua, na haikuwa inaungua.

Siku ya sehemu ya mwisho walijaa mpaka barazani. Mama alikuja amepiga pasi kila kitu, hata leso. Mazulia ikaisha kwa harusi, ufukweni, mahema meupe, muziki, Bibi Mkubwa anacheza na adui zake wote. Ofisini hawakwenda hata mara moja. Sinia halikupita. Vijei alitafsiri bwana harusi, akatafsiri bibi harusi, akatafsiri shehe, akasema "Aksanti, tumefika mwisho," na picha ikawa nyeusi.

"Na mbeba chai?" Mama Mchungaji akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Kiwanda ni chake! Mbeba chai yuko wapi?"

Wakarudisha harusi yote, wakakagua wageni meza kwa meza. "Yule pale, nyuma ya keki!" Alikuwa mhudumu, na hana sharubu. "Kazinyoa!" Wakabishana kama amezinyoa.

Mama alisimama, akaanza kukunja vitenge vyake kimoja kimoja, pembe juu ya pembe, ingawa vilikuwa vimekunjwa tayari.

"Mama," nikamwita.

"Si alisema mwenyewe?" akanijibu, bila kunitazama. "Ni wa kupita tu."

Nilikuwa nimeshinda, na niliumia kama mtu aliyepigwa teke. Ningeweza kurudi Bwera usiku ule ule nikamshike yule mtu kwenye sweta lake, safari hii kwa kosa la kunyamaza. Niwe mkweli, sikuwa nimemtaka aje. Ila sikujua ningeweza kumchukia zaidi kwa kutokuja.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Mchungaji na wenzake wawili wa kwaya walitufuata nyumbani, bado wanabishana juu ya zile sharubu. Tulikuwa tumekaa hapo wakati mlango ulipogongwa. Nikafungua. Sweta, vifungo mpaka shingoni, samaki wa ziwani Hamukungu wamefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba, na viatu, jamani, viatu vilikuwa vinang'aa.

Nikampisha. Mama alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akakaa tena. Wale wengine walikuwa hawajawahi kumwona, wao walijua sauti tu, kwa hiyo wakamkaribisha kama mgeni yeyote.

"Karibu, baba. Umetoka wapi?" Mama Mchungaji akamwuliza.

Akafungua mdomo, akaufunga. Jasho likaanza kumtoka. Nikaona huruma isiyonipendeza, nikamletea maji. Akanikabidhi samaki, akapokea kwa mikono miwili.

"Wasingya," akanishukuru, kwa Kikonzo, sauti nzito, ya taratibu.

"Yesu!" Mama Mchungaji akaruka. "Mbeba chai! Jamani, ni yeye! Ni vijei!" Na wakamzingira palepale. Ulimpeleka wapi? Alikuwa baba wa nani? Mtoto alikuwa yupi, yule mwenye alama? Mlima ulikuwa upi? Na saa, baba, ile saa ya ukutani, tuambie nani alimuua babu!

Yule mtu alikuwa amebanwa mpaka mgongo umegusa ukuta. "Ile saa…" akasema kwa shida, "ile saa iko mbovu tu."

"Mbovu?" Mama Mchungaji akashika kichwa. "Mbovu!"

"Mwacheni," Mama akasema.

Wakamwacha, akaketi. Mama akasogeza kiti chake, akakiweka kumkabili, akamtazama kwa utulivu namna anavyotazama tivi. Kisha akaanza, kwa Kiswahili cha Bwera, kwa mdundo ule ule wa vijei.

"Sasa muone. Mutu iko kwenye kiti. Iko na jasho mingi."

Wakaangua kicheko. Hata yeye midomo yake ilicheza.

"Anasema hivi," Mama akaendelea. "Sehemu ya mwisho hakuweka maneno kwa kinywa ya mutu mwingine, kwa sababu ile ilikuwa maneno yake. Akasema, nitaibeba mimi mwenyewe. Akaibeba, akapita nayo Kikorongo, akafika nayo mpaka kwa mulango. Sasa imemukwama."

Yule mtu akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka tena.

"Anasema yeye hapana kijana. Anasema bibi yake alikufa, na tangu siku ile sauti yake inatoka kama iko ya mutu mwingine tu. Anasema kule Bwera iko nyumba, na jioni akirudi anafungua mulango yeye mwenyewe." Mama akasogeza kiti karibu zaidi. "Anauliza kama atakuwa anafungua yeye mwenyewe mpaka lini."

Akaitikia tena, na safari hii alivua miwani akaifuta kwenye sweta, na haikuwa na vumbi.

"Na mama?" Mama Mchungaji akauliza kwa kunong'ona. "Mama mwenyewe anasema nini?"

"Mama iko kimya," akasema Mama. "Anangoja mutu mwingine aseme kwanza."

Kisha akageuza kiti kunielekea mimi. Wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango na samaki mikononi, na sikuwa na neno. Lakini uso nilikuwa nao, na uso wangu Mama anausoma tangu ulipokuwa hauna meno. Ulikuwa unasema usiende. Ulikuwa unasema nani ataniuliza kama nimefunga mlango. Ulikuwa unasema hivyo wazi kabisa, hakukuwa na sharubu za kuufunika.

Mama aliusoma wote, taratibu, mpaka mwisho. Macho yake yakajaa maji.

"Na huyu," akasema kwa ile sauti ya vijei, "huyu mutoto anasema, mama aende."

Sikuwa nimesema hivyo. Yeye alijua, na alijua kwamba najua. Ni mimi niliyepanda gari mpaka Bwera kumkamata mtu kwa kosa la kutia maneno kwenye mdomo uliofungwa, na sasa wangu ulikuwa umefungwa, na maneno yalikuwa yameshatiwa, na chumba kizima kilikuwa kinanitazama kuona kama yanaufaa. Mama aliegemea mbele kidogo kwenye kiti, hajakaa wala hajasimama.

"Ndivyo nilivyosema," nikasema.